Pini ya Stendi ya Pili

Jumatatu, 4 Mei

Baba katolewa plasta leo. Mkono umekonda, umepauka. Vidole vinakunjika, ila cha kati bado kinagoma. Daktari kasema anaweza kurudi polepole kwenye kazi yetu ya kufunga spika za sherehe. Baba akacheka tu — kazi gani tena, mtu nisiyekumbuka hata pini ya stendi?

Mama akajifanya anakohoa. Juzi Kaka alimpigia simu: mzee apelekwe akapimwe, kusahau kumeanza. Wiki sita sasa, tangu aumie, watu wanapunguza sauti Baba akipita. Hata akiuliza chumvi iko wapi, wanatazamana.

Mimi nilikuwa naosha vyombo. Sufuria moja nimeiosha mara mbili.

Jumatano, 6 Mei

Mwalimu mkuu kaja. Mahafali Jumamosi, uwanjani, spika nne juu ya stendi. Watoto watakaa chini, mbele kabisa. Alitaka kuongea na Baba, Baba akanisonta mimi: ongea na huyu, mimi nimestaafu. Amestaafu! Mtu aliyenifundisha kupanua miguu ya stendi kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe.

Mchana tukafungua stoo, mimi na Mnara, msaidizi wetu. Tunamwita hivyo kwa urefu wake, ndiye anayepandisha spika bila ngazi. Tukakagua stendi moja moja. Ya pili ina mkwaruzo mrefu pale bomba lilipoteremka. Mnara akaupitisha kidole, akasema masikini mzee wetu. Nikaivuta stendi ya tatu.

Basi niandike hapa, maana kusema nimeshindwa.

Siku ya ajali Baba aliweka pini, kile chuma kinachopita kwenye tundu la bomba lisiteremke. Aliita "Pini!" kama ilivyo kawaida yake, nami nikaenda, nikaangalia, nikaitikia "Nimeiona!" Ndiyo sheria yake: huitikii mpaka uone kwa macho yako, na anayeichomoa lazima aite pia. Baadaye mshereheshaji akalalamika spika iko juu mno. Nikachomoa pini, nikaitia mfukoni, nikashusha bomba kidogo. Tundu halikukaa sawa, pini isingeingia. Nikakaza skrubu tu, nikajiambia nitarudi. Sikurudi. Sikuita.

Nusu saa baadaye Baba akalegeza skrubu ageuze spika, akijua pini ipo. Bomba likashuka lote, likambana mkono.

Alipokuwa amekaa chini anauguza mkono alisema, "Lakini pini niliweka." Wakatafuta, haipo. Siku ya tatu akaacha kusema.

Niliikuta nikifua. Nikaificha kwenye soksi.

Ijumaa, 8 Mei

Upepo tangu asubuhi. Mifuko ya mchanga ya kuzuia stendi zisianguke, miwili imeoza, mingine haitoshi. Nikaamua tutafunga madumu ya maji kwenye miguu ya stendi, lita ishirini ishirini. Maji yako pale pale shuleni, ya nini kubeba mchanga?

Baba alikuwa na redio yake. Hakuinua hata macho. Usitumie maji, alisema, watu watanawa.

Mama akaninong'oneza nisibishane naye, ndiyo hali yenyewe hiyo. Nami nikanyamaza tena! Kunyamaza nimekuwa bingwa.

Jumamosi, 9 Mei

Wamenawa.

Nianze mwanzo. Saa moja tuko uwanjani. Tumetafuta ardhi iliyo sawa, tumepanua miguu mpaka mwisho, mguu mmoja unatazama kule spika inakotazama. Spika imeketi vizuri kwenye bomba. Skrubu, pini, mkanda, dumu kila mguu. Waya tumezilaza chini na kuzibandika wasije watu wakajikwaa. "Pini!" — "Nimeiona!" mara nne, Mnara akiita kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nikajipongeza.

Saa sita wapishi wakaishiwa maji jikoni. Wakaona madumu yamekaa tu, hayana mwenyewe. Wakaosha sahani. Wageni nao wakanawa. Mimi niko kwenye mitambo nahangaika na maikrofoni ya mwalimu mkuu, sina habari.

Aliyeona ni Baba. Alikuja na Mama kama mgeni, kakaa safu ya sita huko nyuma. Akainuka, akapita katikati ya wazazi, akaenda moja kwa moja kwenye stendi ya tatu na kuikumbatia kwa mkono mzima. Upepo ukaja wakati huohuo. Mguu mmoja ukanyanyuka! Mnara akaruka viti viwili akaushika. Watoto waliokuwa chini yake walikuwa wanapiga makofi, hawakujua kitu.

Baba hakupiga kelele. Aliwaambia watoto wasogee. Akamwambia Mnara ashushe spika. Akauliza shimo la michezo ya kuruka liko wapi, akatuma viroba vikajazwe mchanga huko. Dakika kumi! Mtu anayesahau!

Tulipopandisha tena akaweka pini mwenyewe kwa mkono mbovu. Akafungua mdomo aite. Hakuita. Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Angalia wewe, mama. Kichwa changu sikiamini."

Nikaangalia. Nikasema nimeiona. Kisha nikaenda nyuma ya jukwaa nikalia mpaka kamasi.

Jumapili, 10 Mei

Kaka kapiga simu asubuhi, kaambiwa habari ya jana. Kasema ni bahati tu, kesho mzee apelekwe hospitali hivyo hivyo. Baba kakubali. Kakubali! Tangu saa nne yuko barazani na daftari, anaandika vitu anavyohisi amesahau ili amwonyeshe daktari. Cha kwanza ni pini.

Baada ya chakula aliniita. Akanikalisha. Akasema wewe tu ulikuwa nami siku ile, nijibu bila kunionea huruma. "Hivi, mama, niliita? Na wewe uliitikia? Mimi naisikia kabisa sauti yako. Sasa sijui nayo naiota."

Nikasema nakuja, nachukua kitu chumbani.

Nimeitoa kwenye soksi. Imeanza kushika kutu kidogo, ina harufu ya sabuni. Nimekaa kitandani naandika badala ya kutoka. Mama yuko naye, namsikia anamwambia aache kujisumbua. Yeye anasema hapana, binti yangu anakuja, ngoja.

Ananiita tena. Kasema nije na kalamu, yake imeisha wino.

Kalamu ndiyo hii ninayoandikia.