Ruzuku Uliyoigeuza Kodi Yangu

Joubert Park, Agosti 2018

Kaka Octave,

Mwanangu Chloé ameota jino, naye anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Miaka miwili nilishona dukani kwako Malvern, ukiniambia serikali inachangia mshahara wangu, ndiyo maana unanikata kodi kubwa. Nikatoa hata ushuhuda kanisani kwamba Mungu amenipa ndugu mwema.

Jana watu wa ofisi ya kodi walinieleza: ruzuku hiyo inampunguzia mwajiri kodi anayopeleka serikalini, ya mfanyakazi haiguswi. Tena mshahara mdogo kama wangu haukatwi kodi kabisa. Umekula kwa serikali, ukala na kwenye sahani yangu, mtoto wa shangazi!

Usinitumie wazee wa kutupatanisha. Jumapili nitatoa ushuhuda mwingine. Kaa benchi la mbele kama kawaida yako, na suti niliyokushonea.

Denise