Taa ya Védaste

Jumatatu, 7 Oktoba

Modemu imekufa. Kampuni ya internet imeleta mupya, simu yangu ikaingia bila shida. Swichi za taa, zile za kuwashwa na simu, zikakataa. Zinajua modemu ya zamani tu, na kuzihamisha inaomba neno la siri ya Védaste. Njo bwana yangu; alizileta yeye mwenyewe, akazifunga mu ukuta, akarudi Liège na funguo zote mu simu yake. Nimemuandikia. Alama mbili za bluu: amesoma. Jibu hakuna. Tangu Juni hakuna jibu.

Basi, hakuna tena muntu anaweza kugusa taa zetu kutoka Bulaya.

Saa kumi na mbili ya mangaribi taa ya inje ikawaka!

Maman Mukandori, mama yake Védaste, alikuwa ku kiti yake ku mulango, sawa kila siku. Bonsoir mwanangu, akaiambia taa. Kisha akanigeukia: Nishimwe, umeona? Bwana yako amesalimia.

Nikabaki nimesimama na sufuria mu mikono. Si Védaste. Ni saa ndogo ya ndani ya swichi njo inawasha. Aliipanga siku moja, akaiacha. Miaka mitatu, tangu alisema ataiwasha yeye kutoka Liège kila mangaribi, mama yake anasalimia saa. Na mimi pamoja naye.

Nilifikiri nitalia. Nikapakua chakula. Sisikii kitu.

Jumanne, 8 Oktoba

Sikumuambia. Nimetengeneza chaji ine na redio moja ku atelye yangu. Taa imewaka. Bonsoir mwanangu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua kubwa. Umeme ukakatika saa nane mpaka saa kumi. Swichi ikasahau saa — bila internet, nani ataikumbusha? Saa kumi na mbili, giza. Maman alibaki inje mpaka mbu zikamushinda. Aliuliza mara moja tu: Védaste eko mugonjwa? Nikasema labda kazi mingi. Hakula.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya tatu ya chai peke yake. Dawa yake ya presha haipendi tumbo tupu, asubuhi alishika ukuta kwa kutembea. Miaka sabini na nane. Anasema hana njaa. Anasema mutoto akikufa mbali, bantu banachelewa kuambia mama yake.

Mungu yangu! Nikamuambia Védaste eko muzima. Akasukuma sahani pembeni. Taa haijasema, mimi ni nani?

Ningeweza kuiwasha na mukono, lakini swichi iko pale pale nyuma ya kiti yake. Atauona mukono.

Nikakata umeme, nikatoa swichi mu ukuta, nikaifungua. Chipu ya Wi-Fi imefungwa na kampuni, haikubali programu ingine. Lakini naijua ingine ya kipimo kile kile, miguu kumi na sita, inakaa pale pale. Hiyo inakubali programu huru — ile bantu baliandika bakaiacha wazi, kila muntu anaisoma, haiombi ruhusa ya muntu wa Bulaya. Latifu wa Bukavu anaziuza. Nimeagiza kwa rafiki yangu Feza, muuza vitenge wa kule.

Jumatatu, 14 Oktoba

Feza amevuka mpaka wa Rusizi I mapema na vitenge vyake, chipu mu fundo la kitambaa, karibu na pesa. Akauliza ni ya nini. Nikamuambia yote. Ni yeye tu najuaga kumuambia.

— Unabadirisha chipu? Mi ningebadirisha bwana!

Akacheka mpaka akashika meza yangu. Nikacheka pia. Kinywa kilicheka, mimi nilikuwa fasi ingine.

Jumanne, 15 Oktoba

Siku nzima juu ya kitu kidogo sawa ukucha. Hewa ya moto, chipu ya zamani ikanyanyuka bila kurarua hata njia moja ya umeme. Nikaiweka mu kisanduku ya misumari. Mupya nikaitia programu, nikaichomelea, nikaijaribu mara tatu, haiamki. Nikakumbuka: mguu moja lazima ushuke chini, kwa waya ya hasi. Nikaunganisha. Ikaamka! Dakika moja nilikuwa na furaha. Naiandika sababu ilikuwa ya kwanza tangu Juni.

Nikarudisha swichi mu ukuta. Ukurasa ya programu ukafunguka mu simu yangu: ungependa taa iwake saa ngapi? Maman alikuwa anakohoa mu chumba. Saa kumi na mbili, nikasema kwa sauti, na nikaandika. Mangaribi ilishapita. Kesho.

Jumatano, 16 Oktoba

Yewe, mimi mupumbavu!

Nilirudi kula saa sita ya midi. Nikakuta Maman amesimama katikati ya kiwanja bila fimbo, mikono juu, Nyiransabimana wa jirani amemushika kiuno ili asianguke. Taa inawaka. Jua juu ya kichwa, na taa inawaka!

Niliandika 12:00. Kumi na mbili ya kinywa, si ya mashini. Mashini inataka 18. Sisi bote tunahesabu vile tangu utoto, na fundi mimi!

— Ameona sikulangi! Sasa ananisalimia wakati ya chakula!

Akaomba sahani. Alikula maharagi, ndizi, akaomba tena. Mi nilikaa naye, simu mu mufuko, ukurasa bado wazi. Kusahihisha ni vidole mbili.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sijasahihisha. Saa sita kamili anaketi, taa inawaka, anakula. Presha imeshuka. Bamama ba kanisa bote bameshajua. Banamuita Maman ya Bulaya.

Sasa mimi njo Védaste. Si kazi nguvu. Haiombi hata moyo.

Jumapili, 20 Oktoba

Tumetoka kanisa, simu ikalia. Namba ya Bulaya. Miezi ine!

Védaste hakusema hata bonjour. Gad, mudogo yake, amemuambia vile Maman anajisifu.

— Nani anawasha hiyo taa? Mimi aplikasyo niliifuta mwaka jana.

Mwaka jana. Nikageuza maharagi mu chungu.

Nikasema ni mimi, chipu ni yangu sasa. Akasema si vizuri kumuchezea muzee. Mimi! Nikasema sawa, muambie wewe, eko hapa. Akasema hapana, Nishimwe, ngoja, ngoja kwanza —

Maman alishasikia sauti. Akanyoosha mikono yote mbili, sawa muntu anapokea komunyo. Nikamupa simu.

Niko naandika ku meza, mulango wazi. Namuona mugongo. Saa sita imefika, taa imewaka juu yake, na kwa jua hili karibu haionekani.

— Védaste! Asante mwanangu. Imewaka sasa hivi, naiona. Ni wewe, si vile?



Amehamisha simu ku sikio ingine. Anauliza tena.