Cherehani ya Phelesia

Linet, leo nimeaibika! Nakuandikia nikiwa bado kwa daktari wa masikio, hapa Homa Bay.

Si unajua masikio ya mume wangu Zadock humlilia zii mchana kutwa? Daktari amemuuliza ni mlio gani humtuliza.

Naye akasema, "Cherehani ya Phelesia."

Cherehani ya Phelesia! Mke mwenzangu! Na mimi nimekaa hapo kando, nimemshikia kofia!

Daktari akaandika: akizidiwa, apumzike karibu na mlio huo. Ameandika, Linet, akagonga na muhuri!

Nikauliza, "Na vile mimi humwimbia?"

Zadock akasema, "Hiyo ndiyo inazidisha."

Sirudi Muhuru Bay bila cherehani. Hata kutunga uzi sijui, lakini nitaikanyaga bila kitambaa mpaka ahamie kwangu.