Seli Zako Bado Ziko Hai, Baba

Baba,

Huku Kitengela upepo ni ule ule, na vumbi la malori linaingia hadi kwa sufuria. Mama alirudi Bungoma baada ya kukuzika, hakutaka kukaa tena kwa hii nyumba. Kiti chako cha magurudumu tulimpa jirani yetu, Ole Sankale. Alikisukuma hadi kwake kikiwa kitupu, akikataa kukikalia mbele yetu.

Nakuandikia kwa sababu nimekuona. Sijui niseme vipi.

Unamkumbuka Daktari Mwende, yule anayetafiti huu ugonjwa wako wa kunyausha misuli, aliyekuja kukukata kipande cha ngozi mkononi? Ulimi wako ulikuwa umeanza kuwa mzito, lakini ulimwambia, "Chukua kubwa, mama. Hii imekaushwa na jua la Ziwa Magadi, haiwezi kuoza." Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Juzi aliniita kwa maabara yao Nairobi. Alinieleza pole pole. Ile ngozi yako waliirudisha utotoni, ikawa seli shina, zile ambazo bado zinaweza kuwa kitu chochote mwilini. Halafu wakazilea mpaka zikawa seli za glia, ambazo kazi yake ni kulisha na kulinda mishipa ya fahamu. Akaniambia niangalie kwa darubini. Zilikuwa kama nyota zenye mikono mirefu. Baba, wewe uko kwa udongo na hizo ziko hai, zinakula. Nilizisalimia. Kweli, nilisema, "Mulembe, Baba," na daktari akageukia dirisha.

Nilidhani ameniita kwa habari njema. Akasema wakiweka glia zako karibu na seli za fahamu za mtu mwenye afya, hizo za fahamu zinanyauka na kufa. Walezi ndio wanaoua. Wamejaribu dawa baada ya dawa na hakuna iliyozuia.

Nikamuuliza, "Dawa itachukua miaka mingapi?"

Akasema, "Sitaki kukudanganya, dada yangu."

Sikuuliza kwa ajili yako. Niliuliza kwa ajili ya Wafula.

Kitinda mimba wako alianza kuangusha spana kwa gereji. Akasema ni grisi. Halafu asubuhi moja akashindwa kumfunga mtoto wake vifungo vya shati la shule, akaniita nimfunge mimi. Daktari wa Kajiado, yule yule wako, alimgonga magoti, akamwambia atoe ulimi, na kabla daktari hajasema lolote tulikuwa tumejua. Ugonjwa wako uko kwa damu yetu. Sikulaumu, Baba. Hata wewe hukujua unatupatia nini.

Jana nilimpeleka kwa Mwende, naye akatwe ngozi. Hakufanya mzaha kama wewe. Aliuliza tu, "Hii itanisaidia mimi?"

Mwende akasema, "Hapana."

Wafula akanyoosha mkono. Nikaushikilia mpaka wakamaliza.

Sasa wacha nikuage. Lala, Baba. Hutanisikia nikimwambia Wafula atapona, hilo naahidi. Akishindwa kutafuna nitampondea chakula. Akishindwa kuongea nitamsoma macho. Mtoto wake atakulia kwangu. Zaidi ya hapo sina kitu cha kukuahidi. Nimetafuta, sina.

Binti yako,
Nekesa