Namba Kumi na Saba Ndani ya Ulezi

Anti Epifania, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekalia boksi la soketi kwa sababu kiti kimejaa tupa na bisibisi, na nisipopata wa kunishauri wiki hii naona nitaanza kuziamkia spana asubuhi, maana ndizo zilizobaki nyumbani. Mke wangu ameondoka. Ameenda kwao Kaengesa na mtoto wetu Gift, amesema harudi, na sababu yenyewe, Anti, naona aibu hata kuiandika, ni spana.

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga, mzaliwa wa Mbeya, huku Sumbawanga nilifuata kazi nikaoa hapa hapa, tumepanga vyumba viwili Kasense, kimoja cha kulala na kimoja cha mambo mengine yote, na vyumba vyenyewe ni vile ukifungua mlango kwa nguvu unagonga kitanda. Sasa fundi hawezi kuwa na spana moja. Kuna namba nane mpaka namba thelathini na mbili, kuna za mdomo na za ringi, kuna soketi, praizi, nyundo, patasi, kuna bomba la kurefushia mkono wa spana nati ikigoma, na kuna zile zilizokwisha kulika meno, hazifungui kitu, lakini naziweka kwa sababu huwezi jua. Mke wangu anasema hilo "huwezi jua" ndilo jina langu la ubatizo.

Nikwambie ukweli, kazi yangu kubwa mimi ni kutafuta spana, kutengeneza mashine ni kitu nafanya nikishaipata. Lakini usidhani sikujaribu kupanga. Nilipigilia misumari ukutani nikazitundika kwa mstari kuanzia ndogo mpaka kubwa, zikapendeza hasa, mke wangu mwenyewe akasifu, mwenye nyumba akaja akaona ukuta wake ulivyotobolewa akanilazimisha kung'oa misumari yote nikiwa nimesimama juu ya stuli kama mwanafunzi mtundu. Nikachomelea sanduku la chuma, nikaliweka nyuma ya mlango, nikazijaza humo, kumbe likijaa halinyanyuki, tukawa tunaingia kwetu kwa ubavu, na jirani yetu mjamzito alipokuja kuazima ungo ikabidi tumpitishie dirishani. Nikaona basi, kila spana ikae pale itakapopata nafasi. Praizi ikahamia jikoni, mke wangu akawa anaepulia nayo sufuria, bisibisi zikaingia kwenye kopo la vijiko, na siku jumuiya iliposali kwetu katekista alikaribishwa chai akapewa bisibisi ya nyota akorogee sukari, akakoroga, akasema asante, mstaarabu sana yule mzee.

Halafu kuna spana malaya. Samahani Anti, ndivyo sisi mafundi tunavyoiita, ile ya kuzungusha, inayopanuka na kubana mpaka ikubaliane na nati ya ukubwa wowote. Hiyo naipenda kuliko zote, na watu wakiiazima hawarudishi, kwa hiyo nailaza chini ya godoro, upande wangu.

Mvua zilipoanza, unyevu ukaingia ndani, spana zikaanza kushika kutu, na hapo ndipo akili yangu ilipoamua kufanya kazi. Tuna pipa la ulezi ambao mke wangu ameulima mwenyewe kwao, mkavu kabisa, nikajiambia kitu kikavu hakileti kutu, pipa tayari lipo na halidai nafasi mpya, nikazizika spana zangu nzuri nzuri mle ndani. Anti, nilijiona profesa. Kila nikitaka spana natumbukiza mkono kwenye ulezi mpaka kwapani, naivuta, naipuliza, naenda zangu kazini, na mke wangu sikumwambia kwa sababu nilijua atakataa.

Jumamosi akachota ulezi, akajitwisha, akaenda kusaga kwa mzee Clemens, mashine ambayo fundi wake ni mimi. Niko nyumbani natafuta kofia nikasikia mashine inalia kilio ambacho mashine haipaswi kulia, kisha kimya, kisha naitwa. Kufika nakuta foleni ya akina mama na ndoo zao, kazi imesimama, na wote wanamtazama mke wangu kwa sababu uliokuwa unasagwa ni ulezi wake. Mzee Clemens ananiambia, "Fundi, mashine imemeza chuma." Nikainama kufungua kifuniko. Nati za kile kifuniko ni namba kumi na saba. Nikapekua mkoba, kumi na saba hamna, na hapo hapo nikajua iko wapi. Ilikuwa ndani ya mashine, nyuma ya kifuniko ambacho nilikuwa naitafuta ili nikifungue.

Hapo dawa ni malaya tu, yeye hachagui nati. Na mimi nikishikwa na haraka sijui kuchagua maneno, nikageuka nikapaza sauti mbele ya foleni nzima, "Mama Gift! Malaya wangu yuko wapi?"

Mama mmoja anaitwa Monika akashusha ndoo kichwani ili asikie vizuri. Mke wangu akanitazama, akanijibu taratibu tu, "Yuko chini ya godoro, upande wako, si ndiko unakomlaza kila siku?" Anti, watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, mzee Clemens akashikilia ukuta, na mimi nikatimua mbio nyumbani kumfuata malaya huku kicheko nakisikia mpaka kwenye kona ya barabara.

Nikarudi, nikafungua, nikaitoa kumi na saba imepinda, chekeche la mashine limechanika na vile vyuma vinavyosaga ndani vimevunjika, mzee Clemens akauliza jamani chuma kimeingiaje humu, nikaitia mfukoni haraka haraka nikasema aa, hawa akina mama wakati mwingine hawapepeti ulezi vizuri, nikaendelea na kazi. Kurudi nyumbani nakuta mke wangu anafunga mzigo. Nikamwambia yale ya malaya ni utani tu, watu watasahau. Akanijibu kwa Kifipa, na yeye akishahamia Kifipa ujue hamu ya Kiswahili imemwisha, mimi nilichoambulia ni neno ulezi na kwamba nyumba hii haina nafasi yake.

Sasa Anti, spana zote hizi nizipange vipi kwenye vyumba viwili ili mke wangu akubali kurudi? Nimefikiria kuchimba shimo uani, mvua inanikataza. Nimefikiria kuzining'iniza darini, dari yetu ni ya turubai. Nimefikiria kumpangia malaya na wenzake chumba chao mtaa wa pili, ila rafiki yangu kanisihi wazo hilo nisilitamke tena mbele za watu. Nijibu upesi tafadhali, leo uji nimekorogea kijiti cha kupimia oili.

Ni mimi fundi N., Kasense, Sumbawanga.

ANTI EPIFANIA ANAJIBU

Marahaba, fundi. Sikufichi, nimecheka mpaka chai ikanipalia. Kisha nikafika pale ulipotia spana mfukoni, kicheko kikaniisha, nikarudia barua yako tangu mwanzo.

Wewe unadhani mkeo kaondoka kwa sababu ya yule wa chini ya godoro. Wapi bwana! Hapo alikujibu, akakuweza, na foleni nzima ikawa upande wake. Ameolewa na fundi, anajua malaya ni spana. Kilichomwondoa ni hiyo kumi na saba. Mwanamke amelima ulezi wake, ameupepeta, ameubeba kichwani, wewe umeujaza chuma kimyakimya, halafu mbele ya wanawake anaosali nao umesema hajui kupepeta. Mfipa wa Kaengesa, hajui kupepeta ulezi! Hivi unajua ulichosema, kijana wa Mbeya? Kuanzia sasa kila akifika mashineni na ndoo yake wataichungulia kwanza, na wengine watamwambia akae nyuma asiwaharibie. Kicheko cha malaya kilikuwa chako. Aibu ya mashine ilikuwa yako pia, ukamtwisha yeye, na hata kwenye barua hii umeipitisha katikati ya sentensi ukitumaini sitaiona. Nimeiona.

Nimekugombeza, sasa nikuhurumie kidogo, maana shida ya nafasi naijua. Marehemu mume wangu alikuwa seremala, na misumari yake aliihifadhi kwenye viatu vyangu vya kanisani. Kwa hiyo tulia unisikilize.

Hizo zilizolika meno zitoke leo. Peleka kwa wanaonunua chuma chakavu na usigeuke nyuma. Ukishaziondoa utashangaa kilichobaki si kingi kama ulivyodhani. Zile kubwa ambazo ni za mashine tu, mwombe mzee Clemens kona, lile sanduku lako likae huko huko, kule mlango ni mpana. Hizi za kila siku, nunua kipande cha turubai, mpelekee fundi cherehani akushonee vifuko kwa safu, juu ya kila kifuko andika namba, ili spana ikikosekana uone pengo lake kabla hujaondoka mahali. Ukimaliza kazi unakunja, unafunga kamba, unatundika nyuma ya mlango kwa msumari mmoja, na huo mmoja umwombe mwenye nyumba kwa adabu. Kuhusu kutu, futa kwa tambara lenye oili. Fundi mzima wa mashine, umezungukwa na oili, unaenda kuzika chuma kwenye chakula! Jikoni ni kwa mkeo, chuma chako kisivuke mlango wake hata kwa kuazimwa. Na yule kipenzi chako atoke kitandani, apate kifuko kama wenzake. Ukimhitaji mbele za watu, nyoosha kidole.

Lakini kupanga spana hakumrudishi mtu. Kwanza kabisa, Jumamosi hii nenda mashineni foleni ikiwa imejaa. Usiende alfajiri kabla watu hawajafika, nakufahamu sasa. Chukua ile iliyopinda, iinue juu waione, na kwa sauti ile ile uliyomwitia malaya uwaambie: hii ni yangu, niliificha kwenye ulezi wa mke wangu bila yeye kujua, chuma kilipotoka nikamsingizia. Watacheka, na Monika atashusha tena ndoo. Waache wacheke mpaka watosheke. Mzee Clemens mwombe radhi pale pale.

Halafu rudi nyumbani, limwage pipa lote juu ya mkeka, toa kila ulichozika, kisha kaa chini uupepete ulezi uliobaki, wewe mwenyewe, kwa ungo. Usimwite jirani akusaidie. Utaingiwa na vumbi mpaka kwenye masikio, nusu utaimwaga nje ya ungo, mgongo utakuuma, na ndipo utajua ulisema nini siku ile.

Ukishamaliza uutie kwenye mfuko safi, panda gari uende Kaengesa. Mama mkwe mwamkie, kaa watakapokuweka, chakula ukipewa kula. Habari za turubai na vifuko ziache nyumbani, usimweleze mtu. Mkeo akitoka mwambie umeshasema mashineni, na umtajie waliokuwepo. Kisha mwekee ule ulezi mbele yake na ungo, umwombe aukague kama umepepetwa vizuri, na hata akikaa nao mpaka jua lizame, wewe subiri.