Kamera Chini ya Tumbo la Ndege

Kwako Kaka,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa wanangu. Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sijui niuite nini.

Unakumbuka uliponipigia simu wakati bunge linabishana kama tupeleke ndege za kivita ng'ambo ya mpaka? Ulitaka nikueleze kazi yangu, nami nilijimwaga. Nilikueleza kuwa ndege ni ileile, kazi yake inategemea tumeifunga nini chini ya tumbo: ikibeba kamera inapiga picha, na pale penye kamera bomu haliingii. Kesho yake ukasimama bungeni ukasema zetu zitakwenda na kamera tu, na anayezifunga ni mdogo wako wa tumbo moja. Waliokuwa wakipinga wakanywea. Pale karakana wenzangu walinitania wiki nzima wakiniita Mheshimiwa, na kichwa kikanivimba kweli.

Dada kule alikoolewa, ng'ambo ya mpaka, alikuwa ameshafunga mizigo, maana nyumba yao iko jirani na daraja. Alinipigia kuniuliza. Nikamwambia atulie, Kaka ameshasema ni picha tu. Akafungua mizigo, akarudisha vyombo kabatini.

Jumanne asubuhi tukaamriwa kufungua kamera kwenye ndege nne na kufunga mabomu. Kwetu anayefunga ndiye anayetia sahihi, kwa hiyo msimamizi akaniletea karatasi ya amri. Nikaona tarehe: siku tatu kabla ya hotuba yako. Chini kabisa, kwenye orodha ya waliopelekewa nakala, yupo mwenyekiti wa kamati ya ulinzi. Mwenyekiti ni wewe, Kaka. Nilisoma mara tatu. Ulijua, na bado ukanivika kilemba cha ukoka, ukanitumia kuwalaghai watu wazima. Mgeni angenichezea shere hivyo ningemtukana yakaisha. Wewe nakutukana vipi?

Sasa langu. Nilitia sahihi. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa hata kumpigia Dada, nikajipa moyo kwamba nchi ile ni kubwa na madaraja ni mengi. Mabomu niliyakaza kwa mikono yangu, nikayakagua, nikaandika kuwa yako sawa. Alasiri ile marubani wetu walilipiga daraja la kina Dada. Shemeji alikuwa juu yake, anatoka kazini.

Dada alinipigia jana. Hakulia. Aliniomba nisikulaumu, akasema ana hakika na wewe ulidanganywa, kwa sababu anakujua tangu anakubeba mgongoni.

Jumamosi anafika kwangu na watoto. Nitamwonyesha nakala ya karatasi ile, tarehe juu, cheo chako na sahihi yangu chini. Njoo mapema, usiniachie kazi hiyo peke yangu.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba