Udongo wa Kopo la Mshubiri

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, mchana

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Shamba wetu,

Hujambo? Kifua kinaendeleaje na hiyo baridi ya huko? Natumaini unalala vya kutosha, na kwamba wenzako wa zamu wameacha kukutupia kazi zao. Mimi ni mzima, ila mgongo. Shemeji yako yuko barabarani na lori lake, siku hizi namwona kama mgeni. Mpwa wako anasoma, amerefuka mpaka sare zote zimemwacha.

Baba anakusalimu. Kwenye simu umemsikia akicheka na kukuuliza kama mabomba ya huko nayo yanavuja. Huyo ni Baba wa kwenye simu. Wa chumbani ni mwingine, ndiyo maana nimeamua kuandika. Nyumba hii ukinong'ona jikoni, anakujibu kutoka kitandani.

Nianze na mimea yako, maana mambo yote yameanzia huko.

Siku unaondoka ulituachia yale makopo matatu ya rangi: la mshubiri, la dungusi, na la ule mmea wenye majani manene kama vifungo vya koti. Ulisema hii ni mimea ya wavivu, haifi hata ukiisahau. Ukanishika mkono, ukanichomeka kidole kwenye udongo. Kidole kikitoka kikavu, tia maji. Kikitoka na tope, kaa mbali. Baba ndiye aliyeyatoboa makopo chini kwa drili yake, akatuhutubia kwamba maji lazima yapate pa kutokea. Fundi bomba ni fundi bomba hata kwenye maua.

Muda mrefu ilistawi. Baba alipopata kiharusi na miguu ikakataa, niliihamishia kwenye dirisha la chumbani kwake, upande wa mkono wake mzima, apate cha kutazama. Mshubiri ulizaa vichipukizi mpaka nikagawia majirani.

Mwezi uliopita ukaanza kulegea. Majani ya chini yaligeuka njano, yakalainika, shina likatoa harufu. Nikachomeka kidole, kikatoka na tope, na mimi sikuwa nimetia hata tone. Nikautoa juani, nikabadilisha udongo, nikachanganya na mchanga kama ulivyonifundisha. Kesho yake, tope. Dungusi nalo likabonyea upande mmoja.

Nikamshuku Mama Pacha wa jirani. Ndiye anayempa Baba chakula cha mchana mimi nikiwa kwenye tanuri la mikate, na huruma yake unaijua, anaweza kumwagilia hata kiti. Nikamvaa. Akaapa kwa wanawe wote wawili kwamba hajagusa kitu, akanuna, na mpaka leo salamu zake ni za kukata.

Halafu siku moja tanuri likaharibika, tukaruhusiwa mapema. Niliingia polepole nikidhani amelala. Nikamkuta ameinua jagi la maji ya kunywa kwa mkono ule mmoja, anamimina. Kidogo kwenye mshubiri, kidogo kwenye dungusi, kidogo kwenye ule wa vifungo, hakuna kopo lililopunjwa. Maji yake yote ya siku, mdogo wangu, yale ambayo daktari alisema ayamalize kwa sababu figo zimechoka.

Nilipiga kelele. Yeye akaliweka jagi chini taratibu.

"Mimea ya mwanangu ina kiu," akasema.

"Baba, unajiua!"

"Bomba lisilo na maji halivuji, mama."

Nikadhani ni utani wake. Nikaketi pembeni ya kitanda, na hapo ndipo nilipoelewa, na natamani nisingeelewa. Akinywa, lazima aniite. Lazima binti yake wa kumzaa amfunue, amwinue, amfute. Baba yetu, ambaye hata kwenye joto kali hakuwahi kukaa mbele yetu bila shati! Basi ameamua kukauka. Anakunywa funda la kumezea dawa, yanayobaki anaipa mimea yako, na wewe unajua mimea ya aina hiyo inauawa na maji kuliko kiu.

Usifikiri nimekaa tu. Nilinunua nepi za wakubwa, akazichana. Kinyozi wa pale kona alikubali kuja kumhudumia asubuhi na jioni, mtu mstaarabu, mikono mepesi. Baba akamwambia ahsante, nywele zikikua nitakuita. Nikamwambia, Baba, mficha uchi hazai. Akanijibu kwamba yeye ameshazaa na inatosha. Tulicheka wote wawili, kisha nikaenda kulia bafuni.

Niliondoa makopo dirishani. Akaanza kumwaga maji nyuma ya kitanda, godoro likalowa, akalalia ubichi usiku kucha bila kusema. Ikabidi nirudishe kopo moja, la mshubiri. Mshubiri wenyewe ulishaoza nikaung'oa, kwa hiyo ni udongo mtupu. Hakuuliza kitu. Nikitoka kazini nachomeka kidole kabla hata sijamsalimu, na najua amekunywa au hakunywa. Dungusi nalo limekufa. Ule wa vifungo nimeuficha jikoni, umebaki na tawi moja.

Sasa nikuambie ninalolitaka. Si pesa, pesa unatuma na Mungu akuzidishie. Nataka mikono. Siku ile, baada ya kucheka, Baba alisema neno moja akiwa ameelekea ukutani: "Angekuwepo kijana wangu, ningekunywa." Akanikataza nisikwambie. Nimekwambia.

Najua habari za karatasi zako, kwamba ukitoka huko mlango unajifunga nyuma yako. Najua pia kwamba mwakani unayoniahidi ni ile ile ya mwaka juzi. Sikulaumu. Yaani nakulaumu, lakini najua hata wewe umebanwa. Daktari hakunificha: kwa hali hii, mwakani ni mbali mno. Sitegemei kwamba utakuja. Naandika ili isije siku ukasema hukuambiwa.

Mpwa wako anakusalimu na anataka picha ya theluji. Shemeji yako alinipigia kutoka njiani, naye anakusalimu. Hata Mama Pacha, na kununa kwake kote, ameuliza kama unakula vizuri. Wasalimie wale unaoishi nao chumba kimoja, hasa yule aliyekupikia ulipougua. Mungu akutunze huko ulipo, na pale ambapo sisi tumegota ukuta, yeye aone mlango.

Ni mimi ninayekupenda hata nikikukasirikia,
Dada yako

Nilikuwa sijafunga bahasha, nikaona nimwambie Baba kwamba nakuandikia. Amechangamka kweli. Akaniomba nilijaze jagi, akasema, "Mwambie nakunywa vizuri." Nikalijaza, nikarudi jikoni kutafuta gundi, moyo ukiwa mwepesi kidogo. Sasa hivi nimeingia tena. Jagi ni tupu, ananitazama anatabasamu. Nimesubiri afumbe macho, nimechomeka kidole. Ni tope.